Mtungi Usiopoza Maji: Uhakiki wa Vyombo vya Ladi Kwali na Tanuri la Abuja

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu hutoka jasho. Udongo wake, uliochomwa kwa moto wa wastani, huwa na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na sehemu ya joto la maji yaliyosalia ndani. Kila aliyekulia katika nyumba yenye mtungi anaijua baridi hiyo, hata kama hakupata kufundishwa sababu yake. Lakini ipo mitungi isiyotoka jasho. Ina shingo ya mtungi, tumbo la mtungi na mdomo wa mtungi, nayo imefinyangwa kwa mkono kwa njia ile ile ya tangu kale; ila imefunikwa kwa ngozi ya kioo, na udongo wake umeivishwa hata ukawa mgumu kama jiwe. Maji yakitiwa humo hubaki na uvuguvugu wake. Mitungi hiyo ndiyo iliyotoka katika mikono ya Ladi Kwali wa Nigeria kuanzia mwaka 1954, na leo baadhi yake imo katika makumbusho, yakiwamo Victoria and Albert Museum ya London na mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales.

Uhakiki wa vyombo hivi umekuwa ukienda njia mbili, na kila njia ina mashabiki wake. Ya kwanza husema kwamba ufinyanzi wa Kiafrika ulikuwa hodari wa umbo lakini dhaifu wa ufundi, mpaka alipokuja Mwingereza Michael Cardew na tanuri lake la kuni akaupandisha daraja. Ya pili husema kinyume chake: kwamba chombo halisi ni kile cha kijijini, na kwamba tanuri la Abuja lilikiharibu kwa kukigeuza pambo la sebule za Wazungu. Njia hizi mbili zinapingana kwa maneno tu. Katika zote mbili anayetenda ni Cardew. Mmoja humsifu, mwingine humlaumu, na mfinyanzi mwenyewe hubaki kuwa udongo unaofinyangwa na historia ya mtu mwingine. Makala haya yanakusudia kuvitazama vyombo vyenyewe, na kazi iliyofanyika mbele ya moto, ili kuona kama hukumu hizo zinasimama.

Habari za maisha yake zinaweza kusemwa kwa ufupi. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, kaskazini mwa Nigeria ya wakati ule, miongoni mwa Wagbagyi, ambao Wahausa huwaita Wagwari. Jina lake lenyewe ni siku na mahali: Ladi ni jina la Kihausa apewalo msichana aliyezaliwa Jumapili, na Kwali ni kijiji. Alifundishwa ufinyanzi na shangazi yake tangu utotoni, kwa kuwa kwa Wagbagyi, kama ilivyo kwa Wajaluo, Wakamba na Wakikuyu hapa Kenya, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Vyombo vyake vilikwisha kupata sifa kabla Mzungu yeyote hajaviandika. Cardew aliviona mwaka 1950 katika jumba la Amiri wa Abuja, Suleimanu Barau, alikokuwa amekwisha kuchaguliwa na macho ya wenyeji. Jambo hili hutajwa kwa haraka mno katika maandishi mengi, ilhali ndilo lingepaswa kutangulia: hukumu ya kwanza juu ya kazi ya Ladi Kwali ilitolewa na soko na jumba la kwao.

Cardew, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni mwaka huo wa 1950 kuwa Afisa wa Ufinyanzi, alianzisha Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi huko Abuja, mji ambao baada ya mwaka 1976 huitwa Suleja, jina la Abuja lilipochukuliwa na mji mkuu mpya. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume, nao walifundishwa gurudumu. Hapo pana kichekesho ambacho serikali haikukiona: katika nchi ambamo wajuzi wa udongo walikuwa wanawake, chuo cha udongo kilifunguliwa kwa wanaume wasiojua udongo. Ladi Kwali aliingia mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Hakuingia akiwa mwanagenzi kwa maana ya kawaida. Aliingia na miaka mingi ya kazi katika vidole vyake, akajifunza juu yake gurudumu, glezi na tanuri.

Hapana budi kukaa kidogo juu ya kazi ya mikono, maana wahakiki wengi huiruka ili wafike upesi kwenye mapambo. Mfinyanzi huanza na bonge la udongo, akalitoboa kwa ngumi na kuzivuta kuta zake juu kutoka ndani, hata tako la chombo likapatikana. Kisha huongeza mikunjo minene ya udongo, mmoja juu ya mwingine, akiivuta na kuilainisha. Chombo hakizunguki. Anayezunguka ni mfinyanzi, akitembea kinyumenyume kukizunguka chombo, mkono mmoja ndani na mmoja nje, na mwili wake wote ndio gurudumu. Usawa wa mviringo haupatikani kwa mhimili wa chuma bali kwa mwendo wa miguu na kumbukumbu ya kiganja. Ndiyo sababu mtungi wa Ladi Kwali, ukitazamwa kwa makini, si mviringo kamili. Tumbo lake linaelemea upande kidogo, kama mtu aliyesimama akipumzika mguu mmoja. Mfinyanzi wa gurudumu hawezi kuliiga elemeo hilo pasipo kuonekana anaigiza.

Udongo ukianza kukakamaa lakini ungali na unyevu, hapo ndipo huchorwa. Mithali ya Kiswahili isemayo udongo uwahi ungali maji hufasiriwa siku zote kuwa ni ya malezi ya mtoto, na walimu wa fasihi hufika kwenye mtoto huyo bila kupita kiwandani kwa mfinyanzi. Lakini mithali hiyo imebeba elimu ya kazi. Kwa kila tendo udongo una saa yake: saa ya kuvutwa, saa ya kupigwa kwa kibao, saa ya kukwaruzwa, na saa ya kuchorwa. Ukichorwa mapema mno ncha huinua kingo zilizochanika. Ukichorwa umechelewa mstari hukatika. Mistari ya Ladi Kwali haina kingo zilizochanika wala haikatiki. Mijusi, nge, mamba, vinyonga, nyoka, ndege na samaki wake wamekatwa kwa mkono usiorudi nyuma kusahihisha, na kati yao pana mikanda ya alama zilizobiringishwa kwa vijiti vyenye mikato. Wanyama hao hupangwa hasa juu ya bega la chombo, pale ambapo jicho la mtu aliyesimama hutua kwanza, na miili yao hufuata mkunjo wa bega badala ya kulala juu yake kama picha ukutani.

Sasa moto. Kijijini vyombo huchomwa pamoja, nje, kwa kuni na majani makavu, pasipo kuta za kuuzuia moto. Kiswahili kina neno joko kwa mahali pa kuokea vyungu, na yafaa litumike hapa ili lisichanganywe na tanuri. Moto wa joko la wazi hupanda upesi na kushuka upesi. Kwa kawaida hufikia kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi. Udongo laini sana ungepasuka katika mpando huo wa ghafla. Kwa hiyo udongo wa kijijini huachwa na chembe nene, nao huwa wazi, wenye vinyweleo, ili mvuke upate pa kutokea na kuta zipate kunywea na kutanuka bila kuvunjika. Vinyweleo hivyo hivyo ndivyo baadaye hupoza maji ya mtungi na kukiwezesha chungu kukaa juu ya mafiga bila kupasuka. Wale waliouita udongo huo kuwa dhaifu walipima jambo moja tu, ugumu, wakasahau kwamba chungu kigumu cha tanuri kikitelekwa juu ya moto wa kuni hupasuka. Baada ya kuchomwa, chombo kingali cha moto hunyunyiziwa maji yaliyochemshwa kwa maganda ya mti ambao Wahausa huuita dorawa, nayo huziba vinyweleo kiasi na kukipa rangi ya hudhurungi iliyokoza. Joko linahitaji uzoefu wa namna yake: kujua upepo wa siku hiyo, ukavu wa majani, na lini rundo liachwe lifunguke lenyewe. Hakuna mlango wa kufunga endapo mambo yataharibika.

Tanuri la Abuja lilikuwa kitu kingine. Kuni ni zile zile, lakini moto umefungwa ndani ya kuta za matofali, ukalishwa saa nyingi mfululizo hadi kiasi cha nyuzi 1300. Katika joto hilo udongo haukauki tu, bali huanza kuyeyuka kwa ndani. Mawe yaliyosagwa yaliyomo hugeuka kioo na kushikamanisha chembe, na vinyweleo hufungika. Glezi, ambayo ni uji wa mawe na majivu uliopakwa juu ya chombo, huyeyuka nayo ikawa ngozi. Mchochezi akilisha kuni kwa wingi na kuubana upepo, moto hukosa oksijeni ya kutosha, ukaitafuta ndani ya udongo na glezi zenyewe. Ndipo madini ya chuma yaliyomo huacha wekundu na kuingia katika kijani cha mwani au kijivu cha jivu, ile rangi ambayo wafinyanzi wa China waliitafuta kwa karne nyingi na ambayo Ulaya huiita seladoni. Akiufungua upepo mapema, rangi hupotea. Majivu ya kuni nayo, kwa kuwa yana chokaa na potasiamu, huruka na kutua juu ya mabega ya vyombo yakayeyuka na kuacha madoa yasiyopangwa na mtu. Kipimo cha wafinyanzi wa tanuri ni vijiti vya pembe vya udongo vilivyowekwa kwenye tundu, ambavyo hupinda joto linapotimia. Hata hivyo mchochezi mzoefu hujua mambo mengi kabla kijiti hakijapinda, kwa rangi ya ndani ya tanuri, iendayo kutoka wekundu mzito hadi machungwa na kisha njano iliyo karibu na weupe, na kwa urefu wa ulimi wa moto utokao kwenye dohani.

Mtungi wa Kigbagyi, ulioumbwa kwa ajili ya joko, ulipoingizwa katika tanuri hili ulikuwa hauna budi kubadilika, na hapa ndipo penye kiini cha uhakiki. Kijijini mchoro uliokatwa husomwa kwa kivuli: jua likiegemea, mkato hubeba giza lake, na mjusi huonekana. Glezi huua kivuli hicho. Ni nzito, hung'aa, hujaza mikato na kuutupa mwanga nyuma. Lau vyombo vya Kwali vingepakwa glezi hivi hivi, nusu ya usanii wake ingezama. Jawabu lililopatikana karakanani ni kuijaza mikato kwa uji mweupe wa udongo kabla ya kupaka glezi, hata mstari uliokuwa kivuli ukawa nuru. Mjusi aliyekuwa mweusi juu ya wekundu akawa mweupe juu ya hudhurungi na kijani, akionekana kama aliye chini ya maji. Badiliko hili si dogo. Ni sawa na mtambaji anayetoka uwanjani penye usiku na mwitikio wa hadhira, akaingia katika chumba cha kunasia sauti, na badala ya kusoma hadithi ile ile kwa sauti iliyofifia akatafuta njia mpya ya kupumzika kati ya maneno.

Ni hapo pia hukumu ya kwanza inapoanguka. Ikiwa tanuri ndilo lililoupandisha daraja ufinyanzi huu, ubora ungeonekana zaidi katika vyombo ambavyo tanuri na gurudumu vilitawala. Ladi Kwali alijifunza gurudumu, akatengeneza mabakuli na sahani kwa hilo, na vyombo hivyo ni vizuri, vya mfinyanzi hodari; lakini mfinyanzi mwingine hodari wa Abuja angeweza kuvitengeneza. Mitungi mikubwa aliendelea kuifinyanga kwa mkono, akitembea kinyumenyume, baada ya kuwa na gurudumu mbele yake kwa miaka mingi. Uteuzi huo haukuwa wa mtu asiyejua njia nyingine, nao ndio unaoifanya mitungi yake kuwa kazi yake. Chini yake mna muhuri wa herufi LK, alama ambayo kijijini haikuhitajika, maana huko mkono wa mfinyanzi ulijulikana bila herufi.

Hukumu ya pili nayo haisimami, ingawa ina ukweli ambao haifai kuufunika. Ni kweli kwamba mtungi wa Abuja umepoteza kazi. Haupozi maji. Wanunuzi wake kwa sehemu kubwa walikuwa Wazungu, na maonyesho yake makubwa yalifanyika Berkeley Galleries, London, katika miaka ya 1958, 1959 na 1962. Mithali isemayo mfinyanzi hulia gaeni hutumiwa kumcheka mtu asiyejitunza, lakini inaweza kusomwa vingine, kuwa ni habari ya soko: chombo kizuri huenda kwa mwenye fedha, na aliyekiumba hubaki na kilichovunjika. Serikali ya kikoloni ilitaka kiwanda. Kilichopatikana ni sanaa iliyouzwa mbali. Hayo yote yakubaliwe. Lakini kusema kwamba kwa sababu hiyo chombo si halisi ni kumwekea mfinyanzi wa Kiafrika sharti ambalo hawekewi mwingine yeyote, kwamba awe halisi kwa kutobadilika. Shairi lililotoka kwenye ngoma likaingia gazetini halikuacha kuwa shairi. Liliacha kuchezwa, likapata msomaji, na mhakiki hulipima kwa lile linalolitenda sasa.

Ulinganisho huu na fasihi simulizi haukuletwa kwa kupamba maneno. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa waraka wao wa mwaka 1968 huko Nairobi, wakidai fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwe kiini cha masomo, idara za vyuo vya Afrika Mashariki zilijifunza taratibu kuuliza jina la mtambaji. Hadithi iliyokuwa ikiitwa ya Wakamba au ya Wagiriama, iliyokusanywa na fulani, ilianza kurudishiwa mtu aliyeisema. Katika vyombo vya udongo kazi hiyo haijafika mbali. Chombo cha joko bado huandikwa kwa jina la kabila, na chombo cha tanuri kwa jina la karakana ya Cardew. Hata lugha ya Kiswahili ina hila yake hapa. Neno fundi lina heshima kubwa, na fundi wa kweli huogopwa kidogo. Lakini likiwekwa karibu na neno msanii katika sentensi moja, hushuka ngazi. Mara nyingi Cardew huandikwa msanii aliyefanya kazi na mafundi wa Kiafrika. Sentensi hiyo ikigeuzwa, fundi Cardew na msanii Ladi Kwali, haiwi ya uongo hata chembe. Mtu aliyejenga matanuri, akasaga mawe, akapima glezi na kuandika mwaka 1969 kitabu cha kazi kiitwacho Pioneer Pottery alikuwa fundi katika maana bora kabisa ya neno hilo, na hakuna anayemdhulumu kwa kumwita hivyo.

Ziara ya mwaka 1972 huko Marekani ilidhihirisha mgawanyo huo wa majina. Walikwenda watatu: Cardew, Ladi Kwali na Mghana Clement Kofi Athey. Mbele ya hadhira Ladi Kwali alifinyanga, na Cardew ndiye aliyekuwa msemaji. Waliotazama walivutiwa sana na mikono, lakini maelezo yaliyohifadhiwa ni yale ya kinywa. Miaka mitano baadaye, 1977, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, na baada ya kifo chake mwaka 1984 sura yake iliwekwa juu ya noti ya naira 20 iliyotolewa mwaka 2007, akiwa kazini na chombo chake. Heshima hizo ni za haki. Zimezaa hata hivyo hasara ndogo: jina moja limefunika mengine. Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa walifinyanga katika karakana ile ile ya Abuja, kwa mikunjo ile ile, na vyombo vyao havifanani na vya Ladi Kwali wala havifanani vyenyewe kwa vyenyewe. Maadamu havijahakikiwa kimoja kimoja, neno mtindo wa Abuja litaendelea kutumika kama pazia.

Kwa msomaji wa Kenya kuna ushahidi ulio karibu zaidi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alifika Abuja katikati ya miaka ya 1970 akiwa mwanafunzi, akajifunza kwa Ladi Kwali. Alichokichukua na alichokiacha kinafundisha. Alichukua kufinyanga kwa mkono, mwili wa mfinyanzi kukizunguka chombo, na ile hali ya mtungi kuwa na shingo na tumbo la mtu. Glezi akaiacha. Vyombo vyake husuguliwa hadi ving'ae, hupakwa uji mwembamba wa udongo, na huchomwa bila ngozi ya kioo. Hutoka na wekundu wa machungwa, au hurudishwa motoni penye uhaba wa oksijeni vikatoka vyeusi. Mtu angeweza kusema kwamba mwanafunzi huyu alirudi kwenye ukweli ambao mwalimu wake aliuacha. Lakini vyombo vya Odundo navyo havipozi maji, wala havikukusudiwa kufanya hivyo; ndani yake hamwekwi kitu. Yeye alirudisha ngozi ya joko pasipo kurudisha kazi ya joko, na Ladi Kwali alihifadhi umbo la kazi chini ya ngozi ya tanuri. Hizo ni njia mbili za kulijibu swali moja, na haifai moja itumike kuipigia nyingine fimbo.

Linabaki suala la istilahi, ambalo ni la wataalamu wa lugha zaidi kuliko wa makumbusho. Chombo hiki kiitweje kwa Kiswahili? Kuandika mtungi tu ni kumdanganya msomaji, maana atadhani kinapoza maji. Kuandika chombo cha mapambo ni kufuta mwendo wa kinyumenyume na saa za udongo, na kukiweka pamoja na vitu vilivyotengenezwa tangu mwanzo viwe rafuni. Kauri si sahihi, kwa kuwa kauri ni udongo mweupe upenywao na mwanga. Udongo-jiwe huenda likafaa kwa mata yenyewe, likiungwa na jina la umbo: mtungi wa udongo-jiwe, uliofinyangwa kwa mkono na kuchomwa katika tanuri la kuni. Ni maelezo marefu kwa kibandiko cha makumbusho, lakini kila neno lake linasema jambo ambalo jingine halisemi, na nafasi ya jina la mfinyanzi ipo mbele yake.